Mbwa mpya anachafua nyumba na kukataa kizimba: tafuta chanzo kabla ya dawa

Mbwa uliyemchukua kwenye makao ya wanyama kama yale ya KSPCA, shirika la Kenya la kulinda na kutunza wanyama, kule Karen, Nairobi, au uliyemwokota mtaani akiwa na kupe hadi ndani ya masikio, anaingia kwako bila kujua kanuni hata moja ya nyumba. Wengi wao hawajawahi kuishi chini ya paa moja na watu. Vigae, zulia, mlango unaofungwa, jokofu linalonguruma usiku, vyote ni vigeni kwake. Kwa hiyo ukikuta dimbwi la mkojo sebuleni siku ya pili, huo si ukaidi na wala hakulipizi kisasi. Hajui tu.

Tabu ni kwamba dimbwi lile lile linaweza kuwa na vyanzo vingi, na dawa ya chanzo kimoja huzidisha kingine. Mbwa asiyejua pa kujisaidia hufaidika akipunguziwa eneo na kupumzishwa kizimbani kwa muda mfupi. Mbwa anayepatwa na hofu kuu akiachwa peke yake, ukimfungia kwenye kizimba hicho hicho anaweza kuvunja meno akijaribu kutoka. Ndiyo maana naomba usianze na dawa. Siku tatu nne za mwanzo, bandika karatasi jikoni, na kila aliyepo nyumbani, pamoja na watoto na dada wa kazi, aandike: ilikuwa saa ngapi, mahali gani, mkojo ulikuwa mwingi au matone tu, na nani alikuwepo. Karatasi hiyo ndiyo itakuonyesha sehemu ipi ya maelezo haya inakuhusu.

Kizimba ninachokisema ni kile cha waya au plastiki kinachowekwa ndani ili mbwa alale na kutulia. Banda la uani anamofungiwa mchana kutwa ni habari nyingine.

Kwanza mwili

Hakuna mafunzo yatakayomsaidia mbwa mgonjwa. Akikojoa kidogo kidogo kila mara, akijikamua, akilamba sehemu zake bila kupumzika, au ukiona damu, huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo. Akinywa maji kupita kiasi na kukojoa madimbwi makubwa, daktari wa mifugo atataka kupima sukari na figo. Kwa jike ambaye hajafungwa kizazi, kiu ya namna hiyo wiki chache baada ya kutoka jotoni inaweza kuwa dalili ya usaha kwenye kizazi. Hilo huua, hivyo usingoje kesho. Jike aliyefungwa kizazi ambaye unakuta amelowesha pale alipolala, na yeye mwenyewe hana habari, mara nyingi misuli ya kuzuia mkojo imelegea. Dawa yake ipo, na hana kosa lolote.

Katika nchi zetu usisahau kupe. Mbwa mlegevu, mwenye homa, anayekojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, anaweza kuwa na babesia, ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe. Mpeleke siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mtoto wa mbwa anayetapika na kuhara damu, maana parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, haisubiri. Kuhara kwa kawaida katika siku za kwanza mara nyingi ni minyoo au mabadiliko ya ghafla ya chakula. Changanya chakula cha zamani na kipya, ukiongeza kipya taratibu kwa muda wa wiki moja.

Anakaa nje nusu saa, akirudi ndani anakojoa

Haya ndiyo malalamiko ninayoyasikia kuliko yote, na huwakatisha watu tamaa kwa sababu yanaonekana kama dharau. Yana vyanzo viwili vikubwa.

Cha kwanza ni kwamba huko nje kuna mambo mengi mno. Kuna bodaboda, kunguru, mbwa wa jirani nyuma ya ua, harufu za kila aliyepita usiku. Mbwa mgeni yuko macho, hawezi kulegeza mwili. Akirudi ndani kwenye utulivu, mwili unalegea na mkojo unatoka.

Cha pili watu wengi hawakifahamu: mbwa hujifunza choo kwa nyayo. Aliyekaa miezi katika banda la sakafu ya saruji ameshazoea kwamba saruji ndipo mahali pa kujisaidia. Nyasi hazimwambii kitu, lakini vigae vyako vya jikoni anavitambua mara moja. Wa mtaani ni kinyume chake, amezoea udongo, nyasi na majalala, kwa hiyo zulia na mkeka ndivyo vinavyomwita. Angalia karatasi yako. Ikiwa ni jikoni, bafuni na koridoni tu, una mbwa wa saruji. Ikiwa ni zulia na busati, una mbwa wa nyasi.

Mbwa wa saruji usimlazimishe nyasi siku ya kwanza. Mpeleke kwenye saruji iliyoko nje, kwa mfano pale chini ya bomba la uani, aanze hapo. Akishazoea kwamba nje ndipo mahali pake, mwaga udongo kidogo juu ya ile saruji, kesho ongeza na majani yaliyofyekwa, hadi siku moja anakanyaga majani bila kujali. Tambara ulilopangusia mkojo wake ulipeleke pale pale, harufu yake itamwelekeza.

Kwa aina zote mbili, utaratibu ni mmoja. Mfunge kamba, hata kama uwanja una ukuta. Mpeleke mahali pamoja, pale pale kila siku, kisha simama. Usicheze naye, usimsemeshe sana, mpe dakika 5 hadi 10. Akimaliza, na nasema akimaliza, si akiwa katikati, mpe kipande cha ini la kuku hapo hapo aliposimama. Ukingoja mpaka mfike mlangoni, anajifunza kwamba kurudi mlangoni ndiko kunakolipa. Tena usimrudishe ndani papo hapo. Mbwa anayeona kwamba kila akikojoa matembezi yanakatwa hujifunza kubana. Mzungushe kidogo kwanza.

Asipokojoa je? Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanamrudisha ndani na kumwachia nyumba nzima. Badala yake, mrudishe ukiwa umeishika kamba, au umtie kizimbani kwa robo saa kama ameshakizoea, kisha toka naye tena. Rudia hadi atoe. Na kuna nyakati ambazo ni lazima atolewe bila kungoja dalili: anapoamka, anapomaliza kucheza, na ndani ya dakika kama 10 hadi 30 baada ya kula, kwa kuwa tumbo likipokea chakula, utumbo nao huanza kusukuma.

Wanaoishi ghorofani wana kazi ya ziada. Mtoto wa mbwa mbebe kushuka ngazi, maana akitembea mwenyewe hatafika chini akiwa mkavu. Na kama hajamaliza chanjo, ambazo kwa kawaida hukamilika karibu na wiki ya 16, usimshushe mahali mbwa wengine wanapojisaidia, kwa sababu virusi vya parvo hudumu udongoni kwa miezi mingi. Trei ya udongo na nyasi kwenye balkoni inafaa kwa kipindi hicho. Jua tu kwamba baadaye utalazimika kumfundisha upya kwamba choo kiko chini.

Wakati wa masika wapo mbwa wasiotaka kabisa kulowa. Watengenezee kona chini ya upenu.

Anachafua usiku au alfajiri

Niambie anakula saa ngapi. Katika nyumba nyingi mbwa hula mara moja tu kwa siku, saa 2 au 3 usiku, baada ya watu kumaliza: sufuria la ugali uliobaki, mchuzi, mifupa, labda dagaa. Chakula kingi namna hiyo usiku hudai kutoka kabla ya jua kuchomoza. Mbwa analala, tumbo halilali.

Kigawe mara mbili, asubuhi na saa 11 jioni, kwa saa zile zile kila siku. Chakula kikiingia kwa saa maalumu, na choo hutoka kwa saa zinazotabirika, na wewe utaijua saa hiyo ndani ya wiki. Dagaa waoshe chumvi, vinginevyo atakunywa maji usiku kucha. Vitunguu viondoe kabisa, vinaharibu damu ya mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka na kumchoma utumbo. Maji usimnyime mchana, hasa kwenye joto. Yaondoe kama saa mbili tu kabla ya kulala, kisha umtoe mara ya mwisho saa 4 au 5 usiku.

Kwa mtoto wa mbwa, kadirio la kawaida ni kwamba anaweza kubana kwa saa zinazolingana na umri wake kwa miezi, au pengine saa moja zaidi. Wa miezi mitatu hawezi kumaliza usiku mzima hata umfunze vipi. Weka kengele kwenye simu, amka, mtoe, mrudishe.

Anarudia mahali pale pale

Harufu bado ipo. Wewe huisikii, yeye anaisikia. Dawa za kusafishia zenye amonia zinaongeza tatizo, kwa kuwa mkojo nao hutoa harufu ya amonia. Klorini kali usimwagie mkojo mbichi: vikichanganyika hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Futa kwanza kwa tambara hadi pakauke, suuza kwa maji, kisha tumia kisafishio chenye vimeng'enya kama unakipata kwenye duka la vifaa vya wanyama. Usipokipata, siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu husaidia. Zulia lililolowa mara nyingi likunje uliweke kando kwa miezi miwili mitatu.

Matone kwenye mguu wa kochi

Mkojo kidogo, juu ya kitu kilichosimama, mguu umeinuliwa: huyo anaweka alama. Huonekana zaidi kwa madume, na kuhasiwa huipunguza tabia hiyo kwa wengi ingawa si kwa wote, hasa kama imekomaa. Mzibie njia ya kufika pale na umtoe nje mara nyingi zaidi, hasa anapokuja mgeni au kitu kipya kinapoingia nyumbani.

Anajikojolea ukimwinamia

Anajikunyata, masikio nyuma, mkojo unachuruzika. Ni unyenyekevu wa mbwa aliyeogopeshwa, na ukimfokea unaongeza. Usimsalimie mlangoni. Pita, kaa chini, mgeuzie ubavu, mwache aje mwenyewe. Wageni wafanye hivyo hivyo. Huisha kadiri anavyojiamini.

Na kwa kuwa tumefika hapo, lile la kumsugulia pua kwenye mkojo wake tuliache kabisa. Mbwa haunganishi adhabu ya sasa na tendo la saa moja iliyopita. Anachojifunza ni kwamba mkojo ukiwepo na wewe ukiwepo kuna hatari, na kuanzia hapo atajificha nyuma ya kochi, na nje pia hatakojoa ukiwa umemshika kamba.

Hataki kuingia kizimbani

Fikiria alivyofika. Pengine alikamatwa kwa kitanzi, akatupwa nyuma ya pikapu ndani ya kizimba, akashushwa mahali asipopajua. Kwake nyavu za waya zina historia.

Anza na kizimba chenyewe. Asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, alale amenyoosha miguu. Kikipita hapo sana, atalala upande mmoja na kujisaidia upande wa pili. Vya dukani ni ghali, na fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kizuri, lakini kikague kwa mikono yako: ncha zote zimepigwa tupa, na nafasi kati ya vyuma haziruhusu kichwa wala taya kupenya. Mkanda wa shingoni uvue kila anapoingia, maana ukinasa kwenye waya humnyonga.

Sasa kazi yenyewe. Funga mlango wa kizimba kwa kamba ukiwa wazi, usije ukajipiga na kumshtua. Tandika shuka kuukuu. Weka sahani ya chakula kwenye kizingiti, si ndani. Mlo unaofuata, isogeze ndani kidogo. Tazama miguu ya nyuma. Mbwa mwenye wasiwasi hujinyoosha hadi anakuwa mrefu ajabu, shingo ndani, miguu ya nyuma imebaki nje imekaza tayari kukimbia. Miguu ile ikiwa bado nje, usisogeze sahani na usiguse mlango. Siku inapoingia yenyewe na mkia ukalegea, hapo ameamini. Ndipo unafunga mlango akiwa anakula na kuufungua kabla hajamaliza. Kesho unaufungua akishamaliza. Halafu dakika moja, halafu tano, ukiwa umekaa karibu naye, halafu ukiwa chumba cha pili.

Wapo watakaomaliza hatua hizi kwa siku chache, na wapo wa wiki nyingi. Ukimsukuma kwa nyuma mara moja tu, unaanza upya. Watoto waambiwe mapema: kizimbani ni kwa mbwa, haingii mtu, na mbwa aliyemo hachokolewi kwa fimbo. Na kisitumike kuwa jela ya makosa.

Kwa walioko Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, joto ni suala la uhai. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na hewa yenye unyevu mwingi humnyima nafuu hiyo. Ukikifunika kizimba kwa khanga ili atulie, acha upande wenye upepo wazi. Kamwe usikiweke juani wala chini ya bati mchana. Akihema kwa kasi isiyopungua, mate yakawa mazito na ufizi ukawa mwekundu sana, mloweshe kwa maji ya baridi ya bomba na umkimbize kwa daktari.

Si kila nyumba inataka mbwa ndani, na hilo halina ubaya. Katika nyumba nyingi za pwani zinazofuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, hivyo vyombo vyake hutengwa na mahali pa kusalia hapafikiwi naye. Kizimba kwenye veranda yenye kivuli na upepo kinatosha, na hatua zote hizi zinafanya kazi huko. Linalohitajika ni mtu wa kukaa naye usiku wa kwanza kwanza, asijione ametupwa tena.

Anaingia, lakini usiku analia

Kiko wapi kizimba? Kama kipo peke yake jikoni, kilete mlangoni pa chumba unacholala, hata ndani kama inawezekana. Akishazoea, kirudishe kidogo kidogo kuelekea unakotaka kikae. Kisha sikiliza kilio ni cha namna gani. Kulialia kunakoanza mkizima taa na kupungua baada ya dakika chache ni kuzoea. Kaa kimya, acha tu asikie pumzi yako. Kilio cha saa 9 usiku kutoka kwa mbwa aliyekuwa amelala ni haja. Mtoe kwa kamba bila mazungumzo, mrudishe. Kilio kinachopanda badala ya kushuka, pamoja na kuhema na mate, hicho hakihusu haja. Soma sehemu ya "Anapigana na kizimba" hapa chini.

Anajisaidia ndani ya kizimba

Mbwa kwa kawaida hapendi kuchafua anapolala. Akichafua, ama kizimba ni kikubwa mno, ama ameachwa mno, ama alifungiwa mahali pachafu kwa muda mrefu hadi akapoteza tabia hiyo. Wa mwisho huchukua muda: kisafishe kila mara, ondoa shuka kama ndilo analolilowesha, na mtoe kila baada ya saa moja au mbili hadi aonje tena raha ya kulala pakavu. Kuhusu kuachwa, mtu mzima anayekwenda kazini saa 1 asubuhi na kurudi jioni asitarajie kizimba kimlelee mbwa. Saa nne za mchana kwangu ni mwisho, hata kwa mbwa mkubwa. Lazima awepo wa kumtoa katikati.

Anapigana na kizimba

Vyuma vimepinda, makucha yana damu, kifua kimelowa mate, pua imechubuka. Au hakuna uharibifu, ila majirani wanasema hulia tangu utoke hadi urudi. Weka simu ya zamani irekodi nusu saa ya kwanza ya kuondoka kwako. Mbwa aliyechoshwa na upweke wa kawaida hutafuna kitu, hubweka, hulala. Mwenye hofu ya kuachwa huanza ndani ya dakika chache, hatulii, hagusi hata nyama uliyomwachia, na akiwa huru hushambulia milango na madirisha.

Kwa mbwa huyu acha kizimba leo. Wapo watakaokushauri umwache alie mpaka achoke. Akichoka hajapona, amezidiwa tu, na kesho ataanza akiwa na hofu kubwa zaidi. Mpe chumba au veranda salama, na kwa kipindi cha matibabu jitahidi asiachwe peke yake kabisa: jirani, shangazi, dada wa kazi, hata askari wa getini anayempenda. Kisha mfundishe kuachwa kwa vipande vidogo. Toka sekunde chache, rudi kabla hajaanza wasiwasi, ongeza taratibu, na punguza ukiona amerudi nyuma. Daktari wa mifugo anaweza kuongeza dawa kama fluoksetini au klomipramini. Huchukua wiki kadhaa kuanza kufanya kazi na huenda pamoja na mafunzo, si badala yake.

Wapo mbwa, hasa waliozurura mtaani miaka mingi, ambao hawatakipenda kizimba kamwe. Kama wanajisaidia nje na wanalala vizuri kwenye mkeka wao, wamefuzu. Kizimba kilikuwa kifaa tu.

Alikuwa ameshajua, sasa ameanza tena

Tazama kilichobadilika. Dada wa kazi aliyekuwa akimtoa mchana ameondoka, mmehama, wageni wamelala sebuleni, fataki za mwaka mpya zimemtisha asitoke usiku. Au ulimfungulia nyumba nzima mapema. Kama hakuna kilichobadilika, rudi kwenye sehemu ya mwili, apimwe mkojo. Kama kipo, rudisha ratiba ya wiki ya kwanza kama ilivyokuwa: kamba, mahali pamoja, ini la kuku, chumba kimoja. Akimaliza kama mwezi bila ajali kwenye chumba hicho, fungua cha pili, na zulia lirudi la mwisho.